Mlango wa Mahakama ya Afrika ufunguliwe tena kwa mwananchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwishoni mwa mwaka 2019. Ni kuhusu sauti ya nchi yetu duniani katika habari za haki za binadamu, na hasa tamko la kuwaruhusu raia kufungua mashauri wenyewe, ambalo Tanzania iliwahi kulitoa na kisha kuliondoa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao yake Arusha.

Wengi wanaoandika kuhusu mambo ya nje siku hizi huandika habari za masoko, mikopo, watalii na reli. Sina ugomvi nao. Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001 yenyewe iliitanguliza diplomasia ya uchumi, na sisi wa wilaya ya Kongwa tunaopeleka mahindi yetu soko la Kibaigwa tunaijua faida ya mpaka uliofunguliwa. Lakini kabla dunia haijatujua kwa mahindi wala kwa dhahabu, ilitujua kwa kusimama na watu walioonewa. Heshima hiyo tuliipata kwa gharama, na sehemu ya gharama ililipwa hapa hapa nilipo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Historia na Uraia kwa maisha yangu yote ya kazi, na tangu nistaafu ninajitolea kama msaidizi wa kisheria hapa Mnyakongo. Watu huniletea mambo ya mirathi, matunzo ya watoto, mipaka ya mashamba na rufaa za ndugu zao walio gerezani. Kwa hiyo ninayaandika haya kama mtu ambaye aliwafundisha watoto wa watu kwamba nchi yao inasimamia haki, na ambaye leo wazazi wa watoto hao wanakuja kumuuliza haki hiyo inapatikana mlango gani.

Nianze na Kongwa, kwa sababu vijana wengi wanaijua kwa ranchi na kwa upepo tu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja huku na mradi wao mkubwa wa karanga. Wakafyeka pori kwa matrekta, mvua ikawanyima, udongo ukashupaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakafunga virago na kuacha majengo. Mwaka 1964 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru eneo hilo. Wakaja FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Samora Machel aliongoza kambi ya FRELIMO hapa. Chris Hani wa ANC aliishi hapa. Baadhi ya vijana wa SWAPO waliofunzwa na kukaa Kongwa ndio waliopigana Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku ambayo Wanamibia wanaihesabu kuwa mwanzo wa vita vyao vya ukombozi.

Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Mama yangu aliwauzia maziwa ya mgando na kuku, na mara nyingine alirudi bila hela wala kuku, akisema watalipa mwezi ukifika. Wapo hapa kwetu watu wazima, wenye wajukuu sasa, ambao baba zao walikuwa wapigania uhuru waliokwenda kusini wasirudi. Bibi mmoja jirani yangu hana hata picha ya baba wa mwanawe wa kwanza. Alichobaki nacho ni mkanda wa kijeshi wenye kifungo cha shaba, ameufunga ndani ya kanga iliyochakaa na kuuweka chini ya godoro. Wanafunzi wangu walipokwenda kumhoji kwa ajili ya kazi ya Historia, aliwafungulia ile kanga, akawaacha waushike mkanda mmoja mmoja. Akawaambia: "Tuliambiwa hawa ni wageni wa serikali, nasi tukawafanya wageni wetu." Hakuongeza neno.

Ninalitaja hili kwa makusudi. Diplomasia ya nchi hii haikufanywa na mabalozi wa New York peke yao. Mwaka 1961, hata kabla hatujapata uhuru, Mwalimu alitangaza kwamba Tanganyika haitaingia Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya makaburu itabaki humo, na mwezi huohuo wa Machi makaburu wakajiondoa. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wa kizungu walikuwa wamejitangazia uhuru, na tukaukosa mkopo wa pauni milioni 7.5, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa haina barabara wala madaktari wa kutosha. Dkt. Salim Ahmed Salim alikwenda Umoja wa Mataifa akiwa kijana wa miaka 28 tu, na kwa miaka mingi akaongoza kamati iliyosimamia kuondolewa kwa ukoloni. Mwaka 1995 Mama Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing. Arusha ikapokea mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyotoa mwaka 1998 hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ikasema wazi kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Wakimbizi wa Burundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, pamoja na watoto wao, tuliwapa uraia. Haya yote yalifanyika, na wanaoyasimulia kwa fahari wana haki ya kufanya hivyo.

Liko moja ambalo halisimuliwi sana, nami nilikuwa nikilirudia kila mwaka darasani. Mwaka 1975 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipangiwa kukutana Kampala, kwa Idi Amin. Tanzania ilikataa kwenda, ikatoa tamko la maandishi kueleza sababu. Kwa maneno yangu, lilisema hivi: Afrika inapiga kelele Mwafrika akiuawa na mzungu, kisha inanyamaza Mwafrika huyohuyo akiuawa na serikali ya Waafrika wenzake. Wakati ule sheria isiyoandikwa ya viongozi wa bara hili ilikuwa kwamba kila mmoja ashughulike na nyumba yake na asichungulie ya jirani. Tanzania iliikataa sheria hiyo. Kwa umri wangu na kwa yote niliyosoma, naliona tamko lile kuwa jambo la ujasiri kuliko hata kuvunja uhusiano na Uingereza, maana ni rahisi kumkemea mtu wa mbali kuliko ndugu unayekaa naye kikao kimoja.

Miaka minne baadaye, Julai 1979, Amin akiwa ameshaondoka, wakuu hao walipokutana Monrovia waliagiza iandikwe hati ya Afrika ya haki za binadamu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ukapitishwa Nairobi mwezi Juni 1981, na Tanzania ikauridhia mwezi Februari 1984. Mwaka huohuo Katiba yetu ikaingiziwa sura ya haki na wajibu wa raia, ambayo kabla ya hapo haikuwamo, na tangu mwaka 1988 mwananchi akaweza kuisimamia mahakamani. Tulichokisema nje tukakiandika na ndani. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwaambia wanafunzi waandike kwa wino mwekundu.

Sasa nije Arusha. Itifaki ya kuanzisha Mahakama ya Afrika ilipitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2004. Tanzania iliiridhia mwaka 2006, na Mahakama ikahamia Arusha mwaka uliofuata. Lakini kuridhia peke yake hakumpi raia ruhusa ya kugonga mlango. Ibara ya 34(6) ya Itifaki inataka kila nchi itoe tamko la ziada la kukubali raia wake na asasi zake wafungue shauri moja kwa moja. Bila tamko hilo, wanaobaki na njia ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, serikali zenyewe na mashirika ya kiserikali ya Afrika. Nchi nyingi za Afrika hazikuwahi kulitoa. Sisi tulilitoa Machi 2010. Nilikuwa bado kazini, na naikumbuka furaha yangu. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa wa mbele kumkaribisha raia wake mwenyewe amshtaki.

Na raia wakaenda. Shauri lililonigusa kuliko yote lina mizizi hapa Dodoma, ingawa wengi wanalihesabu kuwa la Dar es Salaam au la Arusha. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1993, akidai pamoja na mambo mengine kwamba Mtanzania aruhusiwe kugombea uongozi bila kupitia chama. Jaji Kahwa Lugakingira alimpa haki mwezi Oktoba 1994. Kabla wino haujakauka, Bunge likabadilisha Katiba ili mgombea binafsi asiwepo. Mtikila akarudi Mahakama Kuu, na mwaka 2006 akashinda tena. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Akaenda Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikaamua kwamba kumzuia mtu asiye na chama kugombea kunavunja haki yake ya kushiriki uongozi wa nchi yake na haki yake ya kutolazimishwa kujiunga na kundi. Mchungaji alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2015 akiwa hajaona utekelezaji, na hadi leo mgombea binafsi hayupo katika sheria zetu. Sikukubaliana na siasa zake nyingi, na wazee wenzangu wanajua. Lakini mtu aliyeanza katika chumba cha mahakama cha mji huu na kushikilia hoja moja kwa miaka 20, bila kuinua panga wala jiwe, anastahili kujibiwa kwa utekelezaji.

Wengi wa waliofuata baada yake walikuwa wafungwa. Mahakama ile haitozi ada ya kufungua shauri, na mfungwa anaweza kutuma maombi yake kutoka gerezani. Novemba 2015 ilitoa uamuzi juu ya mfungwa mmoja wa hapa nchini aliyehukumiwa miaka 30 kwa wizi wa kutumia silaha. Kesi yake iliendelea alipokuwa mgonjwa, upande wake wa utetezi ukafungwa bila yeye kusikilizwa, na hakuwa na wakili. Majaji walisema kosa zito namna hiyo, lenye adhabu kubwa namna hiyo, linamtaka mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili bure. Mwaka 2017 Bunge letu likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, hiyo inayonitambua mimi na wenzangu. Sidai kwamba Arusha ndiyo iliyoiandika. Ninachosema ni kwamba nchi ilikuwa inasikiliza, na aliyekuwa akisema alikuwa mtu mwenye sare ya gereza.

Tarehe 21 Novemba 2019 Tanzania iliwasilisha taarifa ya kuliondoa tamko lake. Kujitoa huko kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Wiki moja tu baada ya taarifa, Mahakama ikatoa hukumu nyingine dhidi yetu, ikisema kwamba adhabu ya kifo ya lazima, ile inayomnyima jaji hiari yoyote akishamtia mtu hatiani kwa mauaji, inavunja haki ya kuishi. Kabla yetu Rwanda ilikuwa imejitoa mwaka 2016. Baada yetu, mwaka 2020, zikafuata Benin na Ivory Coast. Hilo la kufuatwa ndilo linaloniuma. Tulikuwa nchi ya kufuatwa tangu zamani, ila tulifuatwa tukifungua milango.

Serikali ilieleza sababu yake, na ni haki niitaje. Ilisema tamko lilikuwa likitekelezwa kinyume na masharti ambayo Tanzania iliyaweka ilipolitoa, likiwemo la kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za ndani. Nimewasikia pia wanasheria wazuri wakilalamika kwamba Arusha imejifanya ngazi ya juu ya Mahakama yetu ya Rufani. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini sharti la kumaliza ngazi za ndani limo tayari katika ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika, na Mahakama inatakiwa kulipima kila shauri linapoingia. Kama majaji walikosea katika kulipima, nchi mwenyeji ina mawakili wa serikali, ina nafasi ya kuomba mapitio ya hukumu, ina kiti katika Umoja wa Afrika ambako majaji wote 11 huchaguliwa. Aliyeonewa na refa huenda kwa chama cha mpira, hang'oi magoli.

Wapo wanaosema haya ya haki za binadamu ni mambo ya wazungu. Hao nawaomba watazame nani amekaa pale. Majaji wote ni Waafrika, wamechaguliwa na serikali za Afrika, wanatumia mkataba ulioandikwa na Waafrika. Jaji Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, aliwahi kuwa Rais wa Mahakama hiyo. Jaji Imani Aboud, Mtanzania pia, alichaguliwa kuiongoza mwaka 2021, wakati ambapo Mtanzania wa kawaida alikuwa ameshazuiwa kuleta shauri jipya mbele yake. Nalirudia hili kwa sababu linanisumbua usiku: binti wa nchi hii aliwahi kuwa mkuu wa Mahakama, jengo liko Arusha, na mkulima wa Hogoro hana ruhusa ya kupeleka karatasi yake.

Wengine husema idadi ya mashauri dhidi yetu ilikuwa inatutia aibu. Ni kweli kwamba hadi Septemba 2019, kati ya maamuzi 70 ya Mahakama hiyo, 28 yaliihusu Tanzania. Mimi naisoma namba hiyo tofauti. Ziko serikali zenye magereza mabaya kuliko yetu ambazo hazina shauri hata moja Arusha, kwa sababu raia wao hawakuwahi kupewa ruhusa. Hakuna mtu mwenye akili anayedhani kwamba huko ndiko haki inakostawi. Ilitupasa kuingia Addis Ababa na Geneva na ile namba mkononi, tuwaulize wenzetu: ninyi raia wenu wanashtaki wapi?

Niwaeleze sasa inakuwaje huku chini. Mama mmoja alinijia na nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri la mwanawe. Alizileta ndani ya mfuko wa unga, zimekunjwa vizuri, zina alama za vidole vya watu wengi waliokwishazisoma kabla yangu. Kijana amefungwa miaka 30, wizi wa kutumia silaha, na rufaa zote mbili zimekwama. Sikujua kama alitenda au hakutenda, na hadi leo sijui. Nilisoma mwenendo ukurasa kwa ukurasa. Shahidi wa kwanza alieleza jinsi alivyomtambua usiku. Chini yake imeandikwa: mshtakiwa hana swali. Shahidi wa pili, askari, akaeleza jinsi walivyokamata mali. Mshtakiwa hana swali. Shahidi wa tatu, wa nne, hivyo hivyo. Hakuna aliyemuuliza shahidi yule wa kwanza taa ilikuwa wapi, alisimama umbali gani, alimwona kwa muda gani, maswali ambayo mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza angeyauliza. Kijana aliishia darasa la saba, na hakuwa na wakili hatua yoyote.

"Mwalimu," mama akaniambia, "si uliwahi kutuambia mkutanoni kwamba ipo mahakama Arusha?"

"Ipo, mama."

"Basi twende."

Ilinibidi nimweleze. Nilimweleza kuhusu tamko, nikaona haelewi, na nikaona pia kwamba kosa si lake. Inawezekanaje mahakama iwepo, iwe ya Afrika, iwe nchini mwako, na usiingie? Nikamtajia njia zilizobaki. Ipo Tume ya Banjul, ambako barua husafiri na mtu husubiri kwa miaka. Ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, ambayo imewahi kufanya kazi njema: Machi 2019 iliona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wewe Mhariri unalijua hilo kuliko mimi. Lakini hiyo inataka ufungue shauri ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee au ulijue, na mama huyu alikuwa ametumia zaidi ya muda huo kutafuta nakala tu. Isitoshe, Mkataba wa Jumuiya haujaipa rasmi mamlaka kamili ya kusikiliza kesi za haki za binadamu. Nikamsaidia kuandika maombi ya mapitio kwa mahakama zetu wenyewe, na ofisi moja ya mawakili wa kujitolea mjini imekubali kuyasoma.

Na huku ndani nako mlango ulipunguzwa upana. Mwaka 2020 ilibadilishwa sheria inayosimamia utekelezaji wa haki za msingi, na aliyefungua shauri la kikatiba akatakiwa kuonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa mabadiliko hayo, mwalimu mstaafu kama mimi hakuweza tena kusimama kwa niaba ya wafungwa wasiojua kuandika. Mabadiliko haya mawili yalikuja ndani ya mwaka mmoja, la nje na la ndani, na aliyebanwa katikati ni yule mwenye mfuko wa unga.

Kwa hiyo ninaomba nini? Ninaomba Tanzania irudishe tamko lake la ibara ya 34(6). Ni hati fupi, inawekwa saini na kuwasilishwa kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Haihitaji jengo, maana jengo lipo. Haihitaji majaji, maana wapo. Malawi, jirani zetu, wamelitoa la kwao na nchi yao haijavunjika. Kama serikali bado ina wasiwasi juu ya masharti, iyaandike upya kwa lugha iliyo wazi, ijadiliane na Mahakama, lakini mlango ufunguliwe. Na hukumu zilizokwisha kutolewa, ya mgombea binafsi na ya adhabu ya kifo ya lazima, ziletwe bungeni kama miswada ili tusikie wawakilishi wetu wanasema nini juu yake mchana kweupe.

Wabunge wa mkoa huu ninawaomba jambo jepesi zaidi. Ulizeni swali la msingi kwa Waziri wa Katiba na Sheria na Waziri wa Mambo ya Nje: tangu Novemba 2020 serikali imefanya tathmini gani ya kujitoa kwetu, na ni lini Watanzania watarudishiwa haki hiyo? Jibu likitolewa ndani ya Bunge linaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na sisi huku tutalinakili na kulibandika kwenye mbao za matangazo za vijiji.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ina makao yake hapa Dodoma. Naiomba ije Kongwa, isiishie mjini. Itasikia mengi, na ukumbi tutautafuta sisi.

Nawe Mhariri, nina ombi moja kwako. Kosta za kutoka Kongwa kwenda Dodoma zinapita njia ya Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, na waandishi wako wako pale karibu kila siku wakifuata taarifa za wizara. Mtume mmoja akaulize wizara hizo mbili swali nililolitaja hapo juu, kisha chapisha jibu kama litakavyotoka. Wakisema bado wanatafakari, chapisha na hilo pamoja na tarehe yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na msaidizi wa kisheria,
Mnyakongo, Kongwa,
Dodoma.